Mchoraji Ambaye Hakufika Ujiji

Picha hii unaijua hata kama hujawahi kushuka kwenye treni Kigoma. Wazungu wawili wamesimama wanatazamana, kofia ziko hewani. Mmoja ni mzee mwenye ndevu, mwingine ni kijana aliyevaa nguo za safari. Bendera ya Marekani inapepea. Pande zote wamejazana watu: vilemba, kanzu, mabega wazi, macho. Ni Ujiji, Novemba 1871, siku ambayo Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone. Tumeiona kwenye vitabu vya historia, kwenye kalenda, kwenye tovuti za kampuni za utalii. Ukiingia kwenye makumbusho ya Ujiji utakuta imetoka kwenye karatasi na kugeuka sanamu mbili, wazungu walewale, salamu ileile.

Nina swali moja tu juu yake. Nani aliichora?

Nimelirusha swali hili kwa walimu wawili wa historia, kwa wanafunzi wenzangu wa uzamili, na kwa jamaa yangu anayetembeza wageni. Wengi walinitajia Stanley. Wengine walisema, si picha ya zamani tu? Mmoja aliniambia, tena kwa uhakika kabisa, kwamba ilipigwa kwa kamera. Huyo wa kamera simcheki, maana jibu lake liliandaliwa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Agosti 1872 gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa mkutano huo pamoja na uthibitisho wenye sahihi ya Stanley: kwamba yeye ndiye aliyetoa maelezo, na kwamba mchoro ni sahihi kana kwamba tukio lilipigwa picha. Hilo "kana kwamba" ndilo lililotuponza. Kwenye shajara ya Stanley kurasa za siku hiyo zimechanwa. Livingstone naye, alipoandika habari za kufika kwa mgeni wake, hakuyataja yale maneno ya salamu ambayo dunia nzima inayakariri. Kwa hiyo tukio hili, tunaloliona waziwazi kuliko karibu tukio lolote la karne ya 19 katika bara letu, limesimama juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye kitabu cha kuuza na kalamu za watu ambao hawakuwepo.

Watu hao walikuwa na majina. Picha za kitabu cha Stanley, How I Found Livingstone, kilichotoka London mwaka huohuo wa 1872, zilikuwa kazi ya mafundi wa mjini, na jina moja kati yao naomba ulishike: Johann Baptist Zwecker. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1814, akahamia London, akafia huko mwaka 1876. Riziki yake ilikuwa kuchorea vitabu, na vingi vilikuwa vya watoto na vijana. Alichora The Wild Man of the West ya R. M. Ballantyne, hadithi ya wavulana iliyotokea kwenye Milima ya Rocky. Alichora wanyama kwa kitabu cha viumbe cha mchungaji J. G. Wood, ambacho watoto wa Uingereza walikua nacho. Alichora safari ya Speke ya kwenda Buganda, iliyochapishwa mwaka 1863. Rocky, Buganda, Tanganyika, vyote vilipita kwenye meza moja.

Sisemi kwamba mkono wake ndio uliochora zile kofia. Karakana za wakati ule zilikuwa za mikono mingi, na hapo ndipo penye hoja yangu. Msafiri alirudi na michoro ya haraka, wakati mwingine na masimulizi tu. Mchoraji wa London aliipanga upya juu ya kibao cha mti mgumu kilichopakwa rangi nyeupe. Mti wenyewe haukuwa mnene, kwa hiyo picha kubwa iliundwa kwa vibao kadhaa vilivyokazwa pamoja kwa bolti, na vibao hivyo viliweza kufunguliwa na kugawiwa mafundi tofauti ili kazi iishe mapema. Mchonga-mbao aliondoa kila sehemu isiyostahili wino. Sasa fikiri kama fundi mwenye siku chache za kumaliza kazi. Nyuso za watu wawili wa mbele utazipa muda, kwa sababu mnunuzi anazijua. Watu wa nyuma utawapa mistari. Mstari wa kilemba, mstari wa bega, nukta mbili za macho, unahamia kwa anayefuata. Hakuna aliyeketi akapanga kuwadharau Wajiji. Walichorwa kama majani ya mnazi yanavyochorwa, kwa kurudia.

Nisimnyime Zwecker haki yake. Alikuwa fundi. Wanyama wake wana uzito, unaona mnyama amekanyaga ardhi. Ubaya ni kwamba mkono uliozoea kazi moja hauibadilishi kirahisi. Wood alipomaliza wanyama aliandika kitabu kingine, The Natural History of Man, juu ya watu aliowaita wasiostaarabika. Ukurasa wa jina la kitabu unawataja wachoraji, wakiwemo Wolf na Zwecker, walewale wa wanyama. Na wachongaji ni walewale ndugu Dalziel. Mtoto wa London wa mwaka 1870 alifunga kitabu cha simba na swala, akafungua cha pili akamkuta Mwafrika amesimama pembeni ya mti, amegeuzwa kidogo ili silaha na mapambo yaonekane vizuri, kama swala alivyogeuzwa ili pembe zionekane.

Huko Paris mambo hayakuwa tofauti. Jarida la safari la Le Tour du Monde lilikuwa na wachoraji wake, mmojawapo Émile Bayard, ambaye pia alichorea vitabu vya watoto. Bayard aliwachorea Wafaransa Buganda ya Speke bila kuiona. Huyohuyo ndiye aliyemchora Cosette wa Victor Hugo, yule mtoto aliyeshika ufagio mkubwa kuliko yeye, ambaye uso wake mpaka leo unatangaza tamthilia ya muziki duniani kote. Cosette hajawahi kuishi. Amebuniwa, na ana uso. Susi, aliyetoka mbio Ujiji kumwambia Livingstone kwamba amemwona Mwingereza anakuja, aliishi kweli, na kwenye picha ya siku yake kubwa hatumtambui.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu mwaka jana nilikubali kuandika maneno ya kitabu kidogo cha picha kuhusu Ujiji, cha watoto wa darasa la nne. Mhariri, ambaye simtaji wala simtaji mwajiri wake, alinipa sharti moja: ukurasa wa kwanza uwe ile picha. Alikuwa na sababu mbili. Watoto wanaijua, na ni ya bure, haki miliki yake iliisha zamani. Nikamwambia rahisi inavunja upishi. Akacheka, na sharti likabaki palepale.

Basi nikaichukua picha nikampelekea binti wa dada yangu, ana miaka tisa, anasoma Ujiji. Sikumwambia chochote. Aliitazama, akawaruka wazungu kabisa, akaweka kidole kwa mtu wa pembeni mwenye kilemba.

"Mjomba, huyu anaitwa nani?"

Haitwi. Ndivyo ilivyo, hakuna namna nzuri ya kuisema. Si kwamba jina lake limepotea. Hakupewa jina wala uso wa mtu yeyote, alibuniwa London kujaza nafasi. Na mtoto wa Ujiji, kwenye picha ya mji wake, alikuwa anatafuta mtu wa kwao.

Kinachoniuma ni kwamba watu wa kumwonyesha wapo, na wametajwa kwa majina na wazungu wenyewe. Livingstone aliingia Ujiji Oktoba 1871 akiwa amechoka kabisa, akitoka Manyema, ambako mwezi Julai alishuhudia wanawake wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe. Alitegemea kukuta bidhaa zake. Akakuta Sherifu, aliyekabidhiwa, amekwisha kuziuza. Ndipo akajiwa na Sayyid bin Majid, mfanyabiashara wa palepale, akamwambia kwamba nguo hana, lakini pembe anazo, amruhusu auze baadhi ampe yeye bidhaa. Livingstone alimshukuru, akamwambia bado, labda baadaye. Haya ameyaandika Livingstone mwenyewe kwenye shajara yake. Kwa hiyo kabla bendera ya Marekani haijaonekana, mtu wa Ujiji alikuwa ameshanyoosha mkono.

Nani ameichora hiyo? Wanaume wawili wamekaa barazani, mmoja hana kitu na mwingine anatafuta maneno ya kumsaidia bila kumdhalilisha. Hakuna kofia hewani. Mchoraji wa vitabu vya wavulana angeuliza, sasa kisa kiko wapi?

Sayyid bin Majid nisimpambe. Pembe alizotaka kuuza zilifika ziwani juu ya mabega ya watu, na Ujiji ya siku hizo ilikuwa pia mji wa kupitisha watumwa. Wanaotaka tumwondoe Livingstone ili tumweke mfanyabiashara kwenye kiti chake hawana tofauti na Stanley. Wanatafuta shujaa mwingine wa kuinua kofia. Mimi nataka picha yenye watu wengi ambao kila mmoja ni mtu, mwema na mwovu.

Tazama kilichofuata. Novemba hiyohiyo Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kwenda kaskazini ya ziwa kuangalia mto Rusizi. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakarudi bila kuuona mdomo wa mto huo, na wanajiografia wa Ulaya walikuwa bado wanagombana kama unaingia ziwani au unatoka. Kama unatoka, basi Tanganyika huenda ikawa chanzo cha Nile. Ukaonekana unaingia. Ubishi wa miaka 13 ulikwisha pale. Mtumbwi ulikuwa wa kuazima, mwenyewe Sayyid bin Majid. Makasia yalikuwa mikononi mwa Waafrika. Ukinipa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha watoto wa Kigoma, nitauweka mtumbwi huo. Kuna safari, kuna hatari ya upepo wa ziwa, kuna fumbo linalofumbuliwa. Kila anachotaka mtoto wa miaka tisa kimo, na watu wa kwao ndio wanaoendesha chombo.

Kisha kuna Kalulu. Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu na wanaosema "ni picha tu".

Jina lake la kwanza Stanley aliliandika Ndugu M'Hali, akaeleza kuwa maana yake ni mali ya ndugu. Alikuwa mtoto mdogo, mtumwa, aliyetolewa zawadi kwa Stanley na mfanyabiashara wa Kiarabu huko Unyanyembe, yaani Tabora. Stanley hakulipenda jina, akapewa jingine, Kalulu. Alikuwa Ujiji kwenye msafara huo. Baadaye alichukuliwa hadi London, akapigwa picha studio pamoja na bwana wake, mbele ya mandhari ya kupangwa. Mwaka 1873 Stanley akatoa kitabu cha hadithi kwa wavulana, My Kalulu, chenye picha, ambamo Kalulu ni mwana wa mfalme. Mtoto wa kweli, aliyetolewa kama kitambaa, akageuzwa shujaa wa karatasi kwa ajili ya watoto wengine. Machi 1877 Kalulu wa kweli alizama pamoja na mtumbwi kwenye maporomoko ya mto Kongo, katika safari nyingine ya Stanley, akiwa bado kijana mdogo. Stanley aliyapa maporomoko jina lake.

Soma tena aya hiyo kisha uniambie picha za vitabu vya watoto hazina madhara. Kama mtu anaweza kukuchora mwana wa mfalme wakati unambebea bunduki, mchoro umefanya kazi. Umemfanya mtazamaji asiulize ulitoka wapi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni la njaa, nami naliheshimu: wageni wanakuja Ujiji kwa sababu ya salamu ile, na kuna watu wanaokula kwa hiyo salamu, kuanzia mwongoza watalii hadi wa bodaboda anayewatoa stesheni. Sijasema wageni wasije. Mwembe upo, mnara wa mawe upo, njia ya misafara ipo. Lakini mgeni aliyesafiri kutoka Edinburgh hadi Kigoma tayari picha ile anayo nyumbani. Tunamuuzia alichokuja nacho.

La pili ni la wenzangu wa chuo, wale wanaotaka picha zote za namna hii zifungiwe stoo. Hapana. Mkiificha, mtoto ataikuta kwenye simu saa hiyohiyo, bila maelezo. Mimi nataka iwepo, lakini ikae na maneno chini yake, kwa Kiswahili, herufi kubwa: ilichorwa London mwaka 1872 na watu ambao hawakufika Ujiji. Ataje Zwecker na mafundi wenzake mwalimu anayefundisha somo hilo, aeleze kibao na bolti. Mtoto akijua picha ina fundi, ataanza kuuliza fundi alilipwa na nani. Mbona kanga tunauliza imechapwa wapi, na kwa picha iliyoamua sura ya mji wetu hatuulizi?

La tatu linaniudhi zaidi: kwamba hatuna wachoraji. Ng'ambo hii hii ya ziwa, upande wa Rukwa, ametoka John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ambaye wanyama wake wenye mashati na vitenge wanasomwa na watoto wa nchi nyingi. Vitabu vyake vilitolewa Uswisi. Nirudie: mtu wa kwetu aliyeweza kuchora soko la samaki mpaka ukasikia harufu, mchapishaji wake alipatikana Uswisi, wakati wahariri wetu wanachukua mbao za mwaka 1872 kwa sababu hazidai malipo. Hatuna uhaba wa wachoraji. Tuna uhaba wa watu wanaokubali kuwalipa.

Wala hatuna uhaba wa vielelezo. Susi na Chuma walikwenda Uingereza mwaka 1874, baada ya mwili wa Livingstone kufikishwa huko, wakapigwa picha za kamera, za kweli safari hii. Nyuso zao zipo. Uso wa Kalulu upo. Majina ya waliokuwepo Ujiji yapo kwenye kitabu cha Stanley mwenyewe: Bombay, Selimu mkalimani, Ferajji mpishi, Halima aliyempikia Livingstone. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Selemani bin Mwenye Chande aliandika kwa Kiswahili safari yake ya bara hadi nchi za ziwa letu, nayo ikachapishwa zaidi ya karne iliyopita. Mchoraji mwenye nia ana kazi ya miaka mitatu mezani.

Mswada niliupeleka mwezi wa pili, ukurasa wa kwanza ukiwa na mtumbwi wa Rusizi, na ile picha maarufu ukurasa wa 20, na jina la Zwecker chini yake. Sijajibiwa. Michoro ya majaribio anaifanya kijana mmoja wa Mwanga, anayechora mabango ya maduka na migongo ya bajaji. Nilimsomea maelezo ya safari, akanikatisha. Alitaka kujua makasia yalikuwa na bapa refu au la mviringo, wapiga makasia walikaa au walisimama, na mtumbwi wa mti mmoja ukibeba watu wengi hivyo unazama majini kiasi gani. Nilipoanza kumtafutia jibu kwenye vitabu aliniambia niviache kwanza. Ana babu yake Kibirizi, amevua dagaa tangu enzi za karabai, na mtumbwi wa mvule ameupanda. Jumamosi tunakwenda kumuuliza.